Ubia wa kampuni mbili ndogo: anzeni na vifaa

Kampuni mbili zikiungana kwa kazi moja, tuseme zabuni ya kujenga madarasa, hakuna haja ya kukimbilia BRELA, wakala wa usajili wa kampuni Tanzania, kusajili kampuni ya tatu. Mkataba wa ubia unatosha; kampuni mpya ni ya biashara ya kudumu. Ila mjue kwamba kwenye ubia wa zabuni, kwa kawaida kila mmoja anabeba dhamana ya kazi yote. Mwenzako akikimbia, mwenye kazi atakudai wewe.

Ugomvi mwingi huanzia kwenye vifaa. Mmoja analeta kijiko (mashine ya kuchimba udongo), mwingine fedha na mafundi. Msikiite kijiko mtaji! Kikodisheni kwa ubia kwa bei ya siku, na muandike nani ananunua dizeli, nani anatengeneza haidroliki ikipasuka, na kama siku za mvua kikiwa kimesimama kinalipwa. Faida igawanywe baada ya hapo.

Fedha zote zipitie akaunti ya ubia yenye saini mbili. Na mkigawana 50 kwa 50, mkibishana hakuna mwenye kauli ya mwisho; basi mtajeni msuluhishi kwa jina ndani ya mkataba, na mumpe siku 14 za kuamua.