Kusafisha na kupanda maua kando ya barabara kuu: anzeni na mita 500

Kikundi cha watu 20 kinamaliza mita 500 za barabara kuu, pande zote mbili, kwa asubuhi moja. Kikijitwisha kilomita 5, kitaokota chupa zinazoonekana tu na mtaro utabaki umeziba. Chagueni kipande kifupi mtakachokirudia kila mwezi, tena pale taka zinapozaliwa: kituo cha mabasi, foleni ya mizani, au mahali abiria wanaposhuka kula.

Hatua ya 1: Ruhusa na gari la taka

Tanzania, barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Za mijini na vijijini ni za TARURA. Hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati, kwa hiyo hata majani yaliyo mbele ya duka la mtu mara nyingi yamo ndani yake. Pelekeni barua wiki 3 kabla: kipande chenyewe, tarehe, saa, idadi ya watu. Nakala iende kwa mtendaji wa kata na kwa askari wa usalama barabarani.

Gari lithibitishwe kabla hamjatangaza siku. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Viroba 60 vinaachwa kando ya lami vikisubiri kesho, usiku mbwa wanavipasua, na kunakucha pachafu kuliko jana. Halmashauri ikikosa gari, kodini Fuso au ahirisheni. Msichome: moshi wa plastiki ni sumu, na ukitanda barabarani dereva haoni mbele.

Hatua ya 2: Vifaa vya watu 20

Vizibao vya kuakisi mwanga 20, glavu nzito jozi 25 (zile nyepesi za hospitali huchanika kwenye miiba), viroba vya salfeti 60, reki 6, mabeleshi 4, matoroli 2, koni 8, bendera nyekundu 2, filimbi 2, maji ya kunywa lita 40, maji ya kunawa na sabuni, sanduku la huduma ya kwanza. Ongezeni dumu gumu la lita 5 lenye mfuniko, la sindano na wembe, pamoja na kibanio cha kuzishikia. Aliyevaa ndala asishuke mtaroni.

Hatua ya 3: Walinzi wawili

Basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Mlinzi akisimama mita 20 kutoka kwa wenzake, filimbi italia basi likiwa limeshafika. Mwekeni mita 150 kabla ya watu, kila mwisho wa eneo, ili wapate karibu sekunde 7 za kusogea. Mlinzi haokoti hata kopo; anatazama magari tu. Wala hasimamishi magari, hiyo ni kazi ya askari.

Safisheni upande mmoja kwanza, mkisonga huku mkiyaelekea magari yaliyo karibu nanyi, kisha vukeni pamoja. Taka iliyo juu ya lami iacheni. Kazi ianze saa 1 asubuhi, iishe saa 4.

Hatua ya 4: Kuokota na kuzibua

Gaweni mistari mitatu: begani mwa barabara, mtaroni, majanini. Kiroba kijazwe robo tatu. Kikijaa pomoni hakifungiki na hupasuka kikinyanyuliwa. Chupa tupu zitengwe kwa ajili ya wanunuzi wa plastiki.

Chupa iliyofungwa yenye majimaji ya njano ni mkojo wa safarini. Jua huichemsha, gesi hujaa ndani, na ukiifungua au kuikanyaga inakurukia usoni. Ishike kwa beleshi, iende dampo ilivyo. Sindano ishikwe kwa kibanio, itiwe kwenye dumu, na dumu lipelekwe kituo cha afya mlichokubaliana nacho mapema.

Mtaro uzibuliwe kuanzia chini, maji yanakoishia, mkipanda kwenda juu. Mkianzia juu, tope lote linateremka na kuziba karavati, yaani njia ya maji inayopita chini ya barabara. Mchanga msiulundike ukingoni, kwani mvua ya kwanza itaurudisha. Uondoeni kwa toroli. Mtu asiingie ndani ya karavati.

Hatua ya 5: Kupanda

Pandeni mvua zinapoanza, baada ya TANROADS kuwaonyesha mahali. Karibu na njia panda na kona, mimea isizidi sentimita 60, la sivyo dereva hamwoni anayevuka. Miti mikubwa ikae mbali na mtaro na nyaya za umeme.

Bogenvilia inavumilia jua na vumbi. Chimbeni shimo la sentimita 45 kila upande, udongo wa juu mbali na wa chini. Changanyeni ndoo 2 za udongo wa juu na 1 ya samadi iliyooza, pandeni kila baada ya mita 2, na acheni kisahani cha maji kuzunguka shina. Mvua ikikatika, kila mche upewe lita 10 mara mbili kwa wiki.

Mawe makubwa yaliyopakwa chokaa yasiwekwe kando ya lami: bodaboda akiteleza, ndiyo yatakayomvunja. Matairi ya rangi nayo hukusanya maji na kuzalisha mbu.

Kinachoua miche mingi ni mbuzi. Zungusheni kila mche vijiti vya mwanzi vya mita 1, na mmpe jirani mmoja anayeishi hapo dhamana ya kuukagua kila wiki. Uliokufa ung'olewe na kupandwa mwingine mvua zingali zinanyesha.