Kununua kiwanja au nyumba ya mawe Mikindani: mambo ya kukagua kabla ya kutoa pesa

Mikindani iko umbali wa kilomita kama 10 kutoka Mtwara mjini, kwenye barabara iendayo Lindi, pembeni ya ghuba yenye mlango mwembamba ambao huzuia mawimbi ya bahari kuu. Mgeni anayefika asubuhi, akaona minazi, ngalawa na maji yaliyotulia, huwa tayari kulipa kabla jua halijawa kali. Ninamsihi asubiri. Ardhi ya hapa inasomwa kwanza kwa historia yake, kwa sababu historia hiyo ndiyo inayoeleza nani ana haki ya kuiuza na kwa nini bei yake hupanda na kushuka.

Utulivu wa ghuba ndio uliowaleta wafanyabiashara wa majahazi, na misafara kutoka upande wa Ziwa Nyasa ilishusha hapa pembe za ndovu na watu waliotekwa utumwani. David Livingstone alianzia hapa safari yake ya mwisho mwaka 1866, na Wajerumani wakajenga Boma lao juu ya kilima mwaka 1895. Baada ya Vita Kuu ya Pili ukaja mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kufika hadi Nachingwea. Meli kubwa zilihitaji kina ambacho Mikindani haina, hivyo bandari na reli vikajengwa Mtwara, na biashara pamoja na ofisi zikahamia huko. Nyumba za mawe zilibaki na wazee, kisha na watoto wao, na leo nyingi ni mali ya warithi ambao wengine hawajawahi kulala ndani yake.

Kwa hiyo, ukipendezwa na nyumba ya kale, swali la kwanza ni la mirathi. Omba kuona barua ya mahakama inayomteua msimamizi wa mirathi, kisha uulize majina ya warithi wote, wakiwemo mabinti walioolewa mbali. Niliwahi kushuhudia mauziano ambapo ndugu watatu walitia saini kwa furaha, mnunuzi akaziba nyufa na kuezeka upya, ndipo dada yao akarudi kudai fungu lake. Dada yule alikuwa na haki kabisa, na ukarabati ulisimama kwa muda mrefu. Kama muuzaji ana mke au mume, ridhaa ya mwenzi huyo iandikwe pia, kwa kuwa nyumba ya ndoa haiuzwi kwa saini ya mtu mmoja.

Kwenye viwanja vyenye miti kuna jambo ambalo wageni kutoka bara hawalitegemei: mnazi au mkorosho unaweza kuwa na mwenyewe, naye asiwe mwenye ardhi. Babu alipanda kwa ruhusa, mjukuu bado anaangua nazi. Tembea kiwanja chote pamoja na mwenyekiti wa mtaa na majirani wa pande zote nne, uhesabu miti mmoja mmoja, uulize kila mmoja ni wa nani, na uulize pia kama kuna makaburi. Yote hayo yaingie katika mkataba.

Kuhusu bei, kumbuka kwamba mji huu umeahidiwa neema zaidi ya mara moja. Mradi wa karanga ulianguka ndani ya miaka michache, na reli yake ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Gesi asilia iligunduliwa Mnazi Bay, katika pwani ya Mtwara, mwaka 1982, na wakati bomba la kwenda Dar es Salaam lilipokuwa likijengwa, bei za viwanja zilipaa na watu wengi wakauza mashamba kwa haraka, kisha soko likapoa. Leo dalali atakuambia habari za mradi wa gesi wa Likong'o kule Lindi. Msikilize kwa adabu, lakini umuulize viwanja vilivyouzwa katika mtaa huo ndani ya mwaka mmoja uliopita vilikwenda kwa kiasi gani, kisha uthibitishe kwa wanunuzi wenyewe.

Baada ya hapo nenda ufukweni wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, usimame kwenye kiwanja maji yakiwa yamejaa. Mstari wa majani makavu na vifuu vilivyosukumwa na maji utakuonyesha mpaka ambao bahari imejiwekea. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, kwa hiyo beba futi ya kupimia, usikubali kupimiwa kwa hatua za dalali. Mikoko iliyo mbele ya kiwanja si vichaka vya kusafishwa ili upate mandhari. Huruhusiwi kuikata bila kibali, nayo ndiyo inayoshika udongo wako usiliwe na maji.

Nyumba ya mawe ikaguliwe kwa mikono. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na dari hubebwa na boriti za mikoko. Kwaruza ukuta kwa ukucha karibu na sakafu: ukiona unga mweupe wenye ladha ya chumvi, maji yanapanda kutoka chini. Choma kisu mahali boriti inapoingia ukutani, kwa kuwa huozea huko kwanza, hali katikati ikionekana nzima. Plasta ya saruji juu ya mawe haya ni kosa linalonisikitisha kila ninapolikuta, maana inafungia unyevu ndani na jiwe linamomonyoka nyuma yake. Tafuta fundi anayejua chokaa, na kabla ya kubomoa chochote zungumza na maofisa wa mambo ya kale. Kama kuna mlango wa nakshi, utajwe katika mkataba kwa jina na kwa picha, kwani milango hiyo huweza kuuzwa peke yake.

Hatua za ofisini ni fupi kueleza. Mikindani iko chini ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani, hivyo anza kwa ofisa ardhi wa manispaa uangalie ramani ya mipango miji na namba ya kiwanja, kisha ufanye upekuzi kwa Msajili wa Hati kujua kama kuna rehani au zuio. Ukivuka kwenda vijijini, kama Msimbati, unaingia katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ambako mkutano mkuu wa kijiji una sauti, na Msimbati iko pia ndani ya hifadhi ya bahari. Asiye raia wa Tanzania hupata ardhi kwa ajili ya uwekezaji tu. Dai risiti za pango la ardhi za miaka iliyopita, angalia kama kuna deni la kodi ya jengo kwenye LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, na mpimaji akuonyeshe kwa macho kila bikoni, yaani alama ya mpaka iliyosimikwa ardhini. Malipo yapitie benki kwa awamu, na awamu ya mwisho ibaki mkononi mwako hadi hati itoke kwa jina lako.