Kabla hujanunua Vitz ama Demio, ipandishe mlima wa Riat kwanza

Hapa Kisumu mtu akishaweka pesa kidogo ya gari swali huwa ni lile lile, nichukue Toyota Vitz, Mazda Demio, Nissan Note ama Honda Fit, na majibu unayopewa ni ya ushabiki tupu kama wa mpira wa Gor na AFC. Mi naona unaanza na swali ambalo si lako. Hizi gari zote ni ndogo, zote zinakunywa mafuta kidogo, zote zinabeba watu wanne bila kelele. Cha kujiuliza ni wewe utaiendesha wapi kila siku, ukiwa umebeba nini, na hiyo moja iliyo mbele yako imetunzwa aje. Mtu wa Milimani anayefanya kazi town karibu yoyote itamfaa. Mtu wa Kiboswa anashuka Riat asubuhi anapanda jioni na watoto nyuma na gunia ya soko la Kibuye kwa buti, huyo hesabu yake ni ingine. Na wa Nakuru anayeenda Eldoret kila mara kupitia Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu, ana yake pia.

Tuanze na nguvu, juu hapo ndo watu huuziwa stori. Vitz ya 1.0 ni cc 996, pistoni 3, hospawa 69. Note ya 1.2 ya kawaida, pistoni 3 pia, hospawa 79. Demio ya 1.3, hii shepu iliyotoka 2014, pistoni 4 na hospawa 92. Sasa injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kila ukipanda mita 1,000, so hapa Kisumu kwa mita 1,100 na kitu ushaacha moja ya kumi, Nakuru ni karibu mita 1,850 umeacha karibu moja ya tano, na bado hujaweka mizigo wala AC. Vitz ya 1.0 ikiwa imejaa itapanda Timboroa lakini utapanda na malori, leni ya kushoto, polepole. Kama hiyo safari ni ya Krismasi tu vumilia, utaokoa mafuta mwaka mzima. Kama ni ya kila wiki tafuta Vitz ya 1.3 ama hiyo Demio.

Giaboksi ndo kitu ingine. Vitz, Note ya kawaida na Fit ya petroli ziko na CVT, ile automatiki ya mkanda isiyo na gia za hatua. Hiyo Demio ya 2014 kuja juu ina automatiki ya kawaida ya gia 6, na kwangu hiyo peke yake ni sababu ya kuilipia zaidi kidogo kama unaishi kwa milima. Fit haibridi ya 2013 na 2014 ina giaboksi tofauti ya klachi mbili, Honda wenyewe waliita zile gari zirudi kurekebishwa mara 5 huko Japan ndani ya kama mwaka mmoja, so ukipewa bei tamu ya hiyo uliza kwanza kama hiyo kazi ilifanywa na kama kuna karatasi. Na Demio ya dizeli achana nayo kama safari zako ni za nyumbani, shule na soko. Ile chujio ya moshi inataka safari ndefu ya spidi ili ijichome uchafu, ukiizungusha Kondele tu itaziba.

Haya, siku ya kuangalia gari. Mwambie muuzaji asiiwashe, ufike asubuhi, na kabla hata hujasalimiana vizuri weka mkono kwa bonneti. Ikiwa moto, jamaa ashaipasha, na huenda kuna kitu hakutaka usikie, mwambie utarudi kesho. Ikiwa baridi, vuta dipstiki, fungua kifuniko cha oili, angalia kama kuna uji mweupe ndani, huo ni maji na oili zimekutana. Fungua na ya radieta, hapo tu ikiwa baridi, uone kama ni kulanti, ile dawa ya kupoza injini, ama ni maji ya mfereji yenye kutu. Alafu weka swichi bila kuwasha injini uangalie dashibodi, taa ya injini LAZIMA iwake, ukiwasha injini izime. Isipowaka kabisa usifurahi, kuna mtu ameificha. Moshi wa bluu ni oili inachomeka, mweupe mzito usioisha ni maji, mvuke kidogo wa asubuhi ni kawaida usitishike.

Kilomita za dashibodi mi siziamini sana. Angalia raba ya pedali ya breki, stering pale mkono unakaa, na ukingo wa kiti cha dereva. Gari inasema kilomita 40,000 na pedali imelika imebaki laini, hapo unaelewa. Vuta mshipi wa usalama wote mpaka mwisho, kuna lebo ndogo pale chini yenye mwaka mshipi ulitengenezwa, unatakiwa kukaribiana na mwaka wa gari, na kama ule mwisho una alama ya matope ama harufu ya uvundo hiyo gari ilishaogelea. Sisi watu wa karibu na mto Nyando tunajua mafuriko vizuri, na Japan pia kuna mafuriko usidhani ni huku tu.

Sasa kuendesha, na hapa usiharakishwe. Broka atakuzungusha kwa lami tambarare, madirisha chini, redio juu, dakika tano mmerudi. Kataa. Njoo na watu wawili wazito, na fundi wako awe mmoja wao, zima redio, washa AC, anzia Kondele, pita Mamboleo, panda Riat mpaka Kiboswa. Kabla ya kutoka toa P uweke D, ikikaa kaa afu iruke, giaboksi ina shida. Ukitoka polepole, ile spidi ya 20 hadi 40, sikia kama mwili wa gari unatetemeka. Kwa mlima CVT kupiga kelele ni kawaida yake, injini inapanda kwanza spidi inafuata, lakini kama kelele inapanda na spidi imekwama pale pale ama inashuka, usinunue hata kama rangi ni ile ulikuwa unaota. Ukifika juu simama uache ikinguruma, fundi achomeke ile mashine ya kusoma kompyuta aone joto la injini, kwa sababu nyingi ya hizi hazina geji, ziko na taa ya bluu ya baridi na nyekundu ya kuchemka tu, na hiyo nyekundu ikiwaka umechelewa. Weka rivasi urudi nyuma kwa mwinuko. Ukishuka kanyaga breki vizuri, stering ikitetemeka diski zimepinda. Kwa bampu sikiliza kok kok ya mbele. Alafu AC ijaribu tena saa nane mchana gari ikiwa imesimama, asubuhi kila AC ya Kisumu ni nzuri.

Ikiwa imebeba pita pia bampu kali ama ile njia ya kwako ya marram. Hizi gari ziko juu ya ardhi kwa kama sentimita 14 hivi zikiwa tupu, ukijaza watu zinashuka, na ukisikia imekwaruza chini siku ya kujaribu basi itakwaruza kila siku.

Mafuta watu huyaongelea kuliko yote na mi naona ni kidogo. Chukua kilomita 40 kwa siku, siku 22, hiyo ni 880. Gari ya kilomita 16 kwa lita itakunywa lita 55, ya kilomita 13 karibu 68. Tofauti ni lita 13 kwa mwezi, zidisha na bei ya EPRA, wale wanaopanga bei ya mafuta, uone, alafu ulizia bei ya CVT moja. Hizo za zaidi ya 20 kwa lita ni za vipimo vya Japan, zisome ukitabasamu.

Spea pigia simu duka mbili tatu kabla hujalipa, uliza taa ya mbele, shoki na bampa. Tairi soma namba nne za mwisho pale kando, 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Na fungua buti uone kama kuna tairi ya spea, nyingi huja na kichupa cha gundi na pampu tu.

Makaratasi: fanya sachi ya NTSA, wale wa kusajili magari, kwa mtandao wa serikali wa eCitizen, ukiona jina la benki ama kampuni ya mikopo pale pesa yako ikae mfukoni mpaka litoke. Namba ya KC ama KD inakuambia gari ilisajiliwa Kenya lini, si mwaka ilitengenezwa. Usilipe yote kabla muuzaji hajaanzisha transfa, anzisheni mkiwa mmekaa pamoja.

Ukishaichukua badilisha oili ya injini na ya giaboksi wiki hiyo hiyo, usingoje. Vitz ya CVT ya 2011 kuja juu inataka Toyota CVT Fluid FE, Note ya CVT, ile shepu iliyotoka 2012, inataka NS-3, Fit ya CVT, ile shepu iliyotoka 2013, inataka HCF-2, Demio ya gia 6 inataka ATF FZ. Fundi akikuja na ile ya kupima kwa debe akuambie zote ni sawa, mwambie alete kopo lenye jina kwanza.