Resi otomatiki kwenye gari za manyuo: namna ya kuitumia na namna ya kujifunza bila yenyewe

Gari nyingi za spoti za manyuo zinazotoka siku hizi zina mfumo wa kujipigia resi zenyewe, yaani unakanyaga klachi, unashusha gia toka 3 kwenda 2, na kabla hujaachia klachi injini imeshapandisha mzunguko mpaka pale unapotakiwa, ukiachia gari haishtuki. Nissan ndio walitangulia kuiweka kwenye gari ya kuuzia watu wa kawaida, 370Z ya mwaka 2009, halafu wengine wakafuata mmoja mmoja. Wapo wanaosema huo ni uvivu, na wapo ambao hawajawahi kuuzima tangu wanunue gari. Mimi nafundisha watu kuendesha kwenye saketi (njia ya mbio za magari) na msimamo wangu ni kwamba mfumo huu ni mwalimu mzuri sana kama unamsikiliza, ila ukiuacha ufanye kazi bila wewe kujua unafanya nini, mguu wako wa kulia hautajifunza kitu.

Hatua ya 1: jua gari yako inawashia wapi

Usikisie, maana kila kampuni ina mahali pake. 370Z ina kitufe cha S pembeni ya gia. Corvette C7 ina vile vipedo nyuma ya usukani ambavyo mtu akiviona anadhani gari ni otomatiki, kumbe kwenye ya manyuo kazi yake ni kuwasha na kuzima resi. Hyundai i30 N ina kitufe kwenye usukani kimeandikwa REV, Toyota GR Yaris na GR Corolla kimeandikwa iMT, Honda Civic Type R unaingia kwenye menyu ya skrini, Porsche Cayman GT4 ya 981 inakuja pamoja na kitufe cha Sport. Mazda MX-5 na Toyota GR86 hazina kabisa, kwa hiyo kama unayo hiyo soma hatua ya 2, halafu ruka uende hatua ya 5.

BMW M3 ya F80 (hiyo ni namba ya kizazi cha gari) ina tatizo lake: huwezi kuzima resi otomatiki peke yake, mpaka uzime na kidhibiti cha kuteleza chote kabisa. Usifanye hivyo barabarani kwa sababu tu unataka kujifunza resi, haifai hata kidogo. Kwenye G80, kizazi kilichofuata, walirekebisha, unaizima kwenye menyu na kidhibiti kinabaki kimewaka.

Hatua ya 2: elewa inapiga hesabu gani

Hapa kaa kidogo maana ukielewa hapa mengine yote yanakuwa rahisi. Gari ina sensa ya klachi inayosema umekanyaga, ina sensa kwenye gia inayosema mkono wako unaelekea namba ngapi, na inajua spidi ya tairi. Kompyuta ya injini inachukua hiyo spidi, inazidisha na uwiano wa gia unayoiendea, inapata RPM (mizunguko ya injini kwa dakika), halafu inafungua hewa yenyewe kwa kuwa pedali ya mafuta siku hizi haina waya wa kuvuta, ni umeme tu.

Chukua gia boksi ambayo gia ya 3 ina uwiano wa 1.5 na ya 2 ina 2.1. Uko gia ya 3, mshale wa RPM unasoma 3000. Gawa 2.1 kwa 1.5 unapata 1.4, zidisha na 3000 unapata 4200. Kwa hiyo kwa spidi hiyohiyo, gia ya 2 inataka injini iwe 4200, na wewe ukikanyaga klachi injini inaanza kushuka kuelekea sailensa (mzunguko wa chini wa injini isiyokanyagiwa mafuta), inaenda upande usiotakiwa kabisa. Ukiachia klachi pale injini iko 1500, kuna 2700 nzima ambazo lazima zitoke mahali, na zinatoka kwenye klachi pleti inayosuguliwa na kwenye tairi zinazoivuta injini kwa nguvu. Gari ya kuvuta nyuma, barabara ina maji, uko katikati ya kona, tairi za nyuma zinaweza kukwama sekunde hiyohiyo na gari ikageuka. ABS, mfumo wa kuzuia breki zisikamate tairi, haikusaidii sana hapo maana aliyekamata tairi sio breki, ni injini. Baadhi ya gari zina kidhibiti kinachoongeza mafuta kidogo tairi zikianza kuburutwa, lakini hicho kinakuja baada ya tatizo kuanza, resi inalizuia kabla.

Jambo moja watu wanachanganya: resi otomatiki inaoanisha injini na klachi. Meno ndani ya gia boksi yanaoanishwa na sinkronaiza, hiyo ni kazi nyingine na inaendelea kufanyika vilevile. Kwa hiyo mfumo kuwa umewashwa haikupi ruhusa ya kuipiga gia kwa nguvu, hasa asubuhi oili ya gia boksi ikiwa ya baridi.

Hatua ya 3: washa, halafu sikiliza

Tafuta barabara iliyonyooka isiyo na gari nyuma yako. Panda mpaka gia ya 3, tulia kwenye 3000, usikanyage breki. Kanyaga klachi mpaka chini, toa gia, peleka 2 taratibu makusudi. Utaona mshale unaruka mkono ukielekea kwenye tundu la 2, sio ulipokanyaga klachi. Soma umefika ngapi. Rudia tena na tena kwa 2500, kwa 3500, toka 4 kwenda 3, toka 5 kwenda 4, mpaka sikio lako lianze kujua sauti kabla mshale haujafika. Pengo la 3 na 2 ni kubwa, la 5 na 4 ni dogo, resi ya 5 kwenda 4 ni kugusa tu. Ukiwa umewasha usipige resi na wewe, mtagombana wawili na mzunguko utapitiliza.

Hatua ya 4: klachi bado ni yako

Hili ndilo ninalolirekebisha zaidi kwa wanafunzi. Mfumo unapandisha RPM na kuishikilia muda mfupi tu, hauachii klachi. Mtu anasikia resi nzuri, anabaki amekanyaga klachi kama anaisubiri ishara, injini inaanza kushuka tena, akiachia gari inajivuta na analaumu mfumo. Gia ikishaingia achia klachi moja kwa moja, bila kuibwaga na bila kuiburuza. Ukihisi gari haikuenda mbele wala haikurudi nyuma, umepatia.

Halafu weka breki. Hapa ndipo mfumo unapokufaa kweli, kwa sababu mguu wa kulia unabaki kwenye breki tu, kwa nguvu ileile, na gari haiinuki pua katikati ya kupunguza spidi. Breki kwanza, spidi ishuke, ndipo ushushe gia. Wengi wanashusha gia mapema wakidhani gia ndiyo inayosimamisha gari, matokeo yake injini inapiga kelele kwenye eneo jekundu la RPM bure.

Hatua ya 5: zima, fanya mwenyewe

Anza bila breki. Gia ya 3, 3000, klachi chini, gia kwenda 2, na wakati mkono unapita katikati gusa mafuta mara moja kwa haraka, achia klachi. Unajua tayari unatafuta 4200 na unajua inasikikaje, ndiyo maana kama gari yako ina mfumo hatua ya 3 usiiruke. Kama gari imevuta nyuma, resi ilikuwa ndogo. Kama imeruka mbele, ilizidi. Bora izidi kidogo kuliko ipungue.

Ikikubali, ongeza breki. Nyama ya mguu chini ya kidole gumba inakaa kwenye breki upande wa kulia, halafu unauviringisha mguu ukingo wake wa nje uguse mafuta. Wenye miguu mikubwa hawahitaji kabisa kugeuza kisigino. Kinachoharibu ni kwamba ukigusa mafuta na breki inaongezeka au inapungua, kwa hiyo jifunze gari ikiwa imesimama injini imewaka, gia nyutro, kanyaga breki kwa nguvu ya kweli na upige resi bila pedali ya breki kucheza chini ya mguu. Kanyaga breki kwa nguvu nimesema, maana kwenye gari nyingi pedali hizo mbili zinalingana urefu pale breki imeshazama, ukikanyaga kidogo utaona mafuta yako mbali huko chini na utadhani mguu wako una shida.

Ukichoka, au mvua ikinyesha, washa tena mfumo. Sioni aibu yoyote hapo, saketi ni ndefu na mwili unachoka.

Vifaa vingine, kwa kifupi

Kishikilia mlima kinashika breki sekunde chache tu ukiwa unaondoka kwenye mwinuko, usikae nacho. Mfumo wa kuondokea mbio unashikilia RPM pale unapokanyaga klachi na mafuta mpaka chini, na klachi ndiyo inayolipa gharama, kwa hiyo usiufanye kila taa ya kijani. Kidhibiti cha kuteleza kiache kimewaka mpaka mtu anayejua akae pembeni yako.

Hatua ya 6: jua kisichoweza kukuokoa

Hakuna kati ya hivyo kinachozuia gia isiyo sahihi. Uko gia ya 3, 6500, unataka 4, mkono unasukuma kushoto unaingia 2. Hesabu ileile ya 1.4, ukiachia klachi injini inalazimishwa kwenda 9100. Kikomo cha mzunguko hakisaidii maana chenyewe kinakata mafuta tu, na hapa anayeizungusha injini ni tairi. Valvu zinaweza kugonga pistoni, na hapo injini imekwisha.

Dawa iko kwenye kiganja. Gia za mkono nyingi zina springi zinazorudisha mkono katikati, kwenye 3 na 4. Ukitoka 3 kwenda 4 usiibane gia kwa vidole, ivute kwa kiganja kilicholegea iende nyuma moja kwa moja, springi itajua njia. Ukitoka 5 kwenda 4 vilevile, iache kwanza irudi katikati ndipo uivute. Na ukihisi gia imeingia kwa ugumu usio wa kawaida, mguu ubaki kwenye klachi, usiachie, toa gia urudi nyutro, tafuta upya.