Kufundisha Kupima Habari kwa Chaki, Karatasi na Simu Moja

Shule nyingi za sekondari hapa Dodoma haziruhusu wanafunzi kuja na simu, na wapo walimu wanaodhani kwamba kwa sababu hiyo somo la kupima habari haliwezekani. Linawezekana, tena linahitajika sana, kwa kuwa mtoto wa Chamwino au Kongwa asiye na simu yake ndiye mara nyingi anayepewa simu ya mama jioni asome ujumbe kwa sauti, kisha aulizwe kama ni kweli.

Anza na jambo linalowagusa wenyewe, yaani matokeo ya mitihani. Andika ubaoni anwani ya Baraza la Mitihani, necta.go.tz, na chini yake anwani ya kubuni inayoanza vilevile kwa necta lakini inaishia na .com. Usiwaambie ipi ni ya kweli, waache wabishane. Wengi watatazama mwanzo wa anwani, kwa sababu ndipo jina wanalolijua lilipo. Hapo waonyeshe kuisoma kuanzia mwisho: tz ni Tanzania, go ni taasisi ya serikali, na jina la taasisi hiyo ndilo linalotangulia. Rudia zoezi hili kwa anwani nyingine tatu au nne, mpaka macho yao yazoee kukimbilia mwisho.

Kwa somo la picha, tumia gazeti la zamani. Kata picha, ondoa maelezo yake, kisha lipe kila kundi picha ileile yenye maelezo tofauti. Picha ya tope lililofunika Katesh, Hanang, mwezi Desemba 2023, inaweza kuandikwa kuwa ni mafuriko ya Mpwapwa wiki hii, na hakuna kitu ndani yake kitakachopinga. Waulize ni nini kwenye picha yenyewe kinachothibitisha mahali na tarehe, halafu itafute picha hiyo kwa Google Lens, huduma inayotafuta mtandaoni mahali picha ilipowahi kuonekana, kwenye simu yako huku wakitazama. Chagua picha isiyoonyesha maiti wala majeruhi, maana huenda darasani yumo aliyefiwa huko.

Sauti na video zinazotengenezwa kwa akili unde (AI) zinahitaji njia nyingine. Sishauri kutumia kipindi kizima kuhesabu vidole vya watu kwenye video au kusikiliza mikwaruzo ya sauti ili kugundua kilicho bandia, kwa sababu programu hizi huboreshwa kila mara na kasoro hizo zinapungua. Wafundishe kutafuta chanzo cha pili: kauli inayodaiwa kutolewa bungeni itafutwe kwenye Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za majadiliano ya Bunge, na tahadhari ya mvua itafutwe kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayokataza kusambaza habari za uongo mtandaoni, itajwe, lakini isigeuzwe fimbo, kwani mwanafunzi aliyetishwa hunyamaza tu. Vilevile, akianza kusema kwamba kila habari ni uongo, mrudishe kwenye habari uliyokwisha kuithibitisha na umwombe aeleze hatua kwa hatua ilivyothibitika.

Mwisho wa kipindi, mpe kila mmoja kazi ya nyumbani: aandike kwenye daftari ujumbe mmoja atakaousoma huko, nani aliutuma, na alichofanya kabla ya kuuamini. Kipindi kinachofuata kianzie kwenye madaftari hayo.