Gathering Peascods: kuingia kati na kurudi mahali pako

Gathering Peascods ni ngoma ya Kiingereza ya kucheza kwa jozi, niliyoijua katika ukumbi mmoja wa kanisa hapa Sheffield, Uingereza, miaka tisa iliyopita. Leo ndiyo ninayowaanzishia wageni, kwa sababu hakuna anayekaa akisubiri zamu. Ni ya kale: hatua zake zimo katika kitabu alichokichapa John Playford, London, mwaka 1651. Jina la ngoma maana yake ni kuchuma njegere.

Fanyeni duara, kila mwanamke akiwa kuliani kwa mwenza wake. Idadi yoyote ya jozi inaruhusiwa. Mimi napenda sita. Mkizidi kumi, duara la ndani halimaliziki kwa wakati. Vaa viatu vyepesi vya soli bapa.

Shikaneni mikono, mwende kiubavu hatua 8 kushoto, kisha achia mikono ujizungushe peke yako kwa hatua 4. Rudieni mkielekea kulia.

Sasa ndipo penye kazi. Wanaume wanaingia kati, wanashikana mikono, wanazunguka mara moja kuelekea kushoto na kurudi walipotoka, yote kwa hesabu ya 12. Wanawake wanafuata vivyo hivyo. Hapa ndipo watu hupotea, maana wanatazama miguu. Usiitazame. Kabla hujaingia, mwangalie mwenza wako usoni, ukariri hata rangi ya nguo yake. Ukishazunguka, mtafute yeye, si mahali. Nawe uliyebaki nje, usisogee hata kidogo: wewe ndiye alama yake.

Kisha makofi. Wanaume hatua 4 kwenda kati, kofi moja. Wanaporudi nyuma, wanawake wanaingia, kofi. Wanaume tena, kofi, halafu wanarudi mahali pao wakijizungusha. Rudieni makofi hayo, safari hii wanawake wakitangulia. Piteni katikati ya mabega bila kugongana. Anayetoka na anayeingia kila mmoja ajibane kidogo. Kofi lianguke mnapofika kati, si njiani. Sisi tuliokulia Tanga tunaitambua sauti ya fidla na kodiani tangu taarabu, na mwili hutaka kuchelewa kidogo kwa madaha. Hapa usichelewe, wala usiwahi: sentensi ya muziki inapokwisha, nawe uwe umefika.

Hiyo ndiyo duru ya kwanza. Duru ya pili, badala ya kule kwenda kiubavu kwa mwanzo mkiwa mmeshikana, sogeleana na mwenza wako bega kwa bega, rudi, jizungushe; fanyeni hivyo mara mbili. Kuingia kati, na makofi pia, wanawake ndio wanaotangulia. Duru ya tatu, mwanzoni, wewe na mwenza wako mnashikana viwiko vya kulia, mnazunguka, kila mmoja anajizungusha. Kisha vya kushoto. Wanaume wanatangulia tena, kama mwanzo.

Noti ya mwisho ikilia, mgeukie mwenza wako umwinamie, polepole, ukimtazama machoni.