Kuamsha injini ya 2F iliyolala miaka

Somo hili ni la mwenye Land Cruiser ya kitambo, FJ40, FJ45 au FJ60, iliyoegeshwa nyuma ya nyumba tangu mzee aache kuendesha. Chini ya boneti mna silinda sita kwa mstari mmoja: F ya lita 3.9, au 2F ya lita 4.2 iliyoanza mwaka 1975. Soma namba kwenye bloku uhakikishe ni ipi, kwa sababu silinda za F zina upana wa milimita 90 na za 2F 94, na gaskiti ya kichwa ya moja haikai kwa nyingine.

Utamu wake? Silinda moja hupiga kila kranki inapozunguka nyuzi 120, na pistoni sita za mstari mmoja husawazishana zenyewe. Ndiyo maana ikiwa sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, unaweza kuisikiliza kwa raha, bila mtetemo. Kila pistoni husafiri milimita 101.6, hivyo nguvu inaanza chini kabisa. Kamshafti, ile inayofungua valvu, huendeshwa kwa gia, hakuna belti ya kukukatikia Mai Mahiu usiku.

Sasa kazi. Usifunge betri mpya ukazungusha ufunguo. Hapo ndipo ringi za pistoni zilizoganda huvunjika na kutu kukwaruza silinda.

1. Toa plagi zote, uzipange kwa namba. Plagi moja yenye kutu kati ya sita kavu imeshakuambia maji yaliingia wapi. Mimina oili nyepesi kiasi katika kila tundu, uache usiku kucha. Mbili ni bora.

2. Mwaga oili ya zamani. Ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, kuna maji ndani. Simama hapo, kichwa kifunguliwe kwanza. Ikiwa safi, weka oili na filta mpya.

3. Weka gia huru, zungusha kranki kwa mkono, spana kwenye nati ya mbele. Plagi zikiwa nje inapaswa kuzunguka bila ugomvi. Ikigoma, ongeza oili na usubiri. Fundi mwenye haraka atataka kulivuta gari likiwa na gia. Mkatalie.

4. Petroli ya zamani hugeuka gundi. Mwaga tangi, badilisha mipira yote ya petroli, fungua kabureta uoshe jeti, yale matundu madogo ya kupitisha petroli. Mara ya kwanza mimi hulisha kabureta kutoka kontena ndogo safi, tangi baadaye.

5. Pitisha msasa laini kwenye pointi za distributa, kisha panga waya za plagi kwa zamu ya silinda kupiga: 1-5-3-6-2-4, ukifuata rota inakoelekea.

6. Plagi zikiwa bado nje, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka geji ya oili inyanyuke. Ndipo urudishe plagi na kuwasha.

7. Ikipata moto vizuri, rekebisha tapeti, yaani nafasi ndogo inayoachwa juu ya valvu: 0.20 mm upande wa kuingiza, 0.35 mm upande wa ekzosi. Usizibane ili zinyamaze. Tapeti yenye kelele kidogo ni afadhali kuliko valvu iliyoungua.

MASWALI

Kutoka Rongai: Mkuu, yangu imewaka lakini inatoa moshi mweusi. Ilikuwa Mombasa, na huko ilikuwa sawa.

Jibu: Ndugu, Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari na hewa ni nyepesi, lakini kabureta inamwaga petroli ileile. Angalia kwanza filta ya hewa na choki, kisha tafuta jeti kuu ndogo zaidi. Kwa sababu hiyohiyo, ukipima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) hapa, geji itasoma chini ya kitabu. Linganisha silinda kwa silinda. Zikikaribiana, lala usingizi.

Kutoka Kayole: Fundi anasema niing'oe niweke 1HZ ya dizeli. Ati 2F inakunywa.

Jibu: Inakunywa, hilo hatubishani. Kama gari ni la kazi ya kila siku, msikilize. 1HZ nayo ni sita za mstari na ni injini ya heshima. Ila ujue ina belti ya taimingi, na utabadilisha mambo mengi zaidi ya injini. Kama ni gari la Jumapili, wacha 2F ikae.

Kutoka Kariobangi: Petroli ya siku hizi haina risasi. Viti vya valvu havitaisha?

Jibu: Pima nafasi ya tapeti za ekzosi mara kwa mara, uandike. Ikiwa inapungua kila unapopima, valvu inazama kwenye kiti chake. Hapo peleka kichwa kwa fundi wa mashine akuwekee viti vigumu. Ukienda Grogan, soko la spea la Nairobi, kutafuta spea, beba ile ya zamani mkononi. Ukitaja jina la gari tu utauziwa chochote.